Pikipiki Nyuma ya Linet

Manga, Nyamira
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada Edinah,

Umenifungia simu. Sawa. Mtu mzima, mama wa watu, unamfungia ndugu yako wa tumbo moja simu kama vile mimi ni tapeli. Na ule ujumbe ulioniachia kwa Nyakundi mwenye pikapu ya ndizi, eti "akitaka kusema na mimi aandike, maana akiandika hawezi kunikatiza," nimeupata. Basi naandika. Na wewe usinikatize mpaka mwisho.

Swali langu ni moja tu: nani alikupa ruhusa ya kumwambia mtoto wangu kwamba si lazima akimbie?

Disemba nilimleta Linet kwako akae na nyanya yake, kwa sababu Mama ulimchukua tangu Novemba kwa ajili ya macho na mtoto akawa anamlilia. Nilikuletea mtoto mwepesi. Ulinirudishia mtoto aliyezoea sofa, chapati asubuhi, chapati jioni, na televisheni katikati. Shule ilipofunguliwa nikamwamsha akimbie kama alivyozoea mwaka jana. Akanitazama, akaniambia, "Shangazi alisema si lazima." Shangazi alisema! Ndani ya nyumba yangu!

Edinah, wewe ulikuwepo tulipomzika Ruth. Presha ilimchukua mke wangu hajafika arobaini. Presha hiyohiyo ilimchukua mama mkwe. Daktari aliniketisha pale Kisii akaniambia kitu hiki kinatembea kwenye damu ya ukoo wao, na mtoto afanye mazoezi tangu utotoni. Unataka nifanye nini, nimngoje naye aanguke jikoni nikiwa shuleni nafundisha watoto wa watu? Kwa hiyo Linet anakimbia kila asubuhi isipokuwa Sabato. Anatoka nyumbani, anateremka mpaka steji ya boda boda, anaendelea mpaka kituo cha majani chai, anarudi. Mimi namfuata nyuma kwa pikipiki, asije akatembea mahali nisipomwona. Hiyo ndiyo sheria na haina rufaa.

Na usiniletee yale maneno ya mjini ya kumuuliza mtoto anataka nini. Mtoto haulizwi kama anataka kuoga. Haulizwi kama anataka chanjo. Samaki mkunje angali mbichi. Hata watu baki wameona faida yake: tukipita steji, vijana wote wanasimama, wanampigia makofi, wengine wanapiga honi. Watu baki wanamtia moyo mtoto wangu, shangazi yake mwenyewe anamvunja! Aibu hiyo ubaki nayo.

Mrudishe Mama pia. Ni macho gani hayo yasiyopona miezi yote hii?

Ni mimi ndugu yako,
Jasper Omwenga


Suneka
24 Januari 2025

Jasper,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama nitakuwa nimepoa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii ningekutukana, na Mama amekaa hapa karibu.

Kwanza kunja hizo methali uziweke mfukoni. Wewe ni mwalimu saa za shule. Huku Suneka wewe ni kale katoto nilikokabeba mgongoni kakinikojolea mpaka gauni likabadilika rangi. Linet si samaki. Na hata samaki, Jasper, anayemkunja huwa ameshamuua.

Chapati, ndiyo, alikula. Alikula na akacheka. Nilikuwa sijamsikia mtoto yule akicheka tangu siku ya mazishi, na kama ni chapati zilizoleta kicheko kile nitasukuma nyingine mpaka mikono ing'oke.

Sasa Ruth. Unasema kana kwamba Ruth aliuawa na kukaa. Ruth alikaa lini? Nani alikuwa akipanda ule mlima na kapu la majani chai mgongoni, mvua inamnyeshea? Nani alikuwa akiteremka mtoni kwa maji na kurudi juu? Kama miguu ingemwokoa mtu, Ruth angetuzika sote. Ruth alikuwa anameza dawa za presha siku kichwa kikimuuma tu. Kikiacha, naye anaacha. Mle nyumbani hakuna aliyemwambia dawa hizo ni za kila siku. Sikusemi wewe peke yako, hata mimi sikujua. Lakini usichukue kifo chake ukakifunga kwenye miguu ya mtoto!

Sikatai mazoezi. Nani atakataa mazoezi? Mtoto aruke kamba, acheze mpira, akimbie mpaka ashibe. Ninachokataa ni pikipiki. Unamswaga binti yako barabarani kama ng'ombe wa mnada! Msichana ameanza kuwa mkubwa, amevaa bukta, na baba mtu yuko nyuma yake anamtazama hatua kwa hatua. Mama aliposikia alijifunika uso kwa leso. Katika ukoo wetu ni baba gani aliwahi kufuata nyuma ya binti yake mkubwa aliyevaa hivyo? Ensoni, ile haya ya mzazi mbele ya mwanawe, umeipeleka wapi? Au wewe uliyesoma unafikiri heshima ya baba na binti inaishia mahali pikipiki inapoanzia?

Mama harudi. Jicho la kulia wameshatoa mtoto wa jicho, la kushoto bado. Daktari ndiye anayesema, si mimi.

Salamu hakuna. Sijapoa.

Edinah Nyamoita


Manga
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Shangazi mpendwa,

Mwalimu alitufundisha kuanza barua kwa "natumaini u buheri wa afya," kwa hivyo natumaini. Mimi si buheri hata kidogo.

Nyakundi ndiye anakuletea hii. Nimemwambia ni kazi ya shule, uisome peke yako.

Shangazi, naomba unichukue. Siwezi tena kukimbia asubuhi. Nilimwambia baba mguu unauma. Haukuwa unauma. Jumatatu alinionea huruma, Jumanne akanichua na ile dawa inayowasha mpaka machozi yakatoka, Jumatano akasema umepona, twende. Sasa sina uongo mwingine.

Usifikiri mimi ni mvivu. Napenda kukimbia. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nawashinda hata vijana, muulize mwalimu yeyote. Shida si mbio, shida ni steji. Baba anafikiri wale watu wananishangilia. Makofi yale si ya mbio! Wanautaja mwili wangu. Wanapiga makofi kwa kila hatua yangu, na Anyona ndiye kiongozi, anaimba maneno siwezi kuyaandika. Baba yuko nyuma na ile pikipiki yake yenye eksozi iliyotoboka, hasikii kitu. Anaona mikono tu. Juzi aliwapungia. Aliwaambia, "Asanteni vijana!" Shangazi, baba aliwaambia asanteni.

Kitu ninachohitaji wewe unakijua. Wenzangu wananunuliwa na mama zao. Baba ananinunulia kila kitu, hata mafuta ya nywele, lakini hicho hawezi kukinunua na mimi siwezi kukitaja mbele yake. Nikisema tu neno kifua ataniletea dawa ya kikohozi. Mama hayuko. Nyanya angekuwa hapa ningemwambia yeye, kwa sababu kwa Nyanya hakuna haya. Angenicheka, angeniita mke mwenza wake aliyeanza kunawiri, na siku ya soko angetoka mapema arudi na kitu kwenye mkoba. Lakini Nyanya yuko kwako.

Tafadhali usimwambie baba. Ukimwambia, atakuwa ananiangalia huku anajua, na mimi nitakufa kwa aibu. Wewe tafuta tu njia. Sema unataka nikusaidie dukani kwako, sema chochote.

Wako,
Linet Bochaberi


Suneka
6 Februari 2025

Jasper,

Mlete Linet aishi kwangu. Shule ziko huku, dada zake wa kanisani wako huku, nyanya yake yuko huku. Usiniulize sababu.

Ukikataa hilo, basi badilisha njia. Apite juu, upande wa kanisa, asipite steji.

Na ukikataa hata hilo, kwa kuwa kichwa chako nakijua tangu kilipokuwa laini, fanya jambo moja. Ukikaribia steji, zima pikipiki. Zima, unyamaze, usikilize hao marafiki zako wanavyompenda mtoto wako.

Nimeapa kufunga mdomo na ninaufunga.

Edinah


Manga
12 Februari 2025

Edinah,

Sasa nimekuelewa. Ala! Kumbe safari yote hii ilikuwa inaelekea huku. Unamtaka mtoto wangu.

Wavulana wako wamekwenda zao Nairobi, hawakupigii hata simu, nyumba imekuwa kubwa. Ukamchukua Mama kwa kisingizio cha macho. Sasa unataka Linet. Kesho utakuja kuchukua kuku. Mimi nibaki hapa Manga na nani, na kaburi la Ruth?

Eti zima pikipiki. Kwenye mteremko ule wa kokoto? Unataka nianguke nivunjike shingo umlee mtoto kwa raha zako? Na wale vijana unawadharau kwa kuwa ni wa boda boda. Anyona ni mtoto wa mzee wa kanisa letu, na kila asubuhi yeye ndiye anayeanza makofi. Ningekuwa na shangazi wa aina hiyo kwa mtoto wangu ningeshukuru.

Sikia matunda ya mafundisho yako. Jumatatu nimekuta raba zake mpya ndani ya choo cha shimo. Mpya, Edinah! Nikamuuliza kwa nini. Kimya. Nikauliza mara ya pili. Kimya, anatazama chini. Basi nikachukua fimbo. Ndiyo, nilimchapa, na hata nikimchapa alikuwa kimya, na ukimya ule ndio ulionipandisha zaidi. Nikaapa atakimbia pekupeku. Na amekimbia pekupeku, jana na leo. Steji wamemshangilia kuliko siku zote.

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja kuna mbio za nyika pale shuleni kwao. Atakimbia. Akikataa, Suneka hatakanyaga tena mpaka awe mtu mzima mwenye nyumba yake. Na hiyo ni kwa sababu yako.

Ulinifundisha kutembea, nakubali. Hukunifundisha kuwa baba.

Jasper


Suneka
17 Februari 2025

Jasper mwanangu,

Mkono ni wa Edinah lakini anayesema ni mimi mama yako. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale asiyoyapenda.

Nimesomewa barua zenu zote. Edinah alitaka kuruka mahali fulani fulani, nikamwambia jicho moja limepona, nitajua. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Ningekuwa na nguvu zangu za zamani ningewalaza nyote wawili kifudifudi uani, mmoja huku mmoja kule.

Nyinyi mnanigombania kama mbuzi wa mahari, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka kulala wapi. Edinah, andika. Wewe ulinileta kwa jicho, jicho likapona, ukaanza kunitafutia ugonjwa mwingine kwa sababu unaogopa kula peke yako. Andika, usilie kwenye karatasi.

Na wewe Jasper. Umempiga mtoto aliyenyamaza. Wewe ni mwalimu wa nini? Kwetu msichana akinyamaza mbele ya baba yake, baba haokoti fimbo. Baba anamtafuta nyanya. Wewe ulipokuwa mdogo dada zako walipokuwa na jambo, walimwambia baba yenu? Hata siku moja! Neno la msichana lilimfikia nyanya, nyanya akalipeleka kwa shangazi, shangazi akamwambia ndugu yake, na baba akafanya linalofaa bila mtu yeyote kuona haya. Ndiyo njia iliyokuwepo. Mlinitoa mimi katikati, mkaniweka huku kwenye sofa, na mtoto akabaki na neno lisilo na pa kupita. Nyinyi mkawa mnapigana juu ya chapati!

Neno lenyewe, mimi niliyekuzaa siwezi kulitamka kwako. Nami nina ensoni yangu. Kwa hiyo natoka nje kuota jua. Atakalokwambia dada yako mimi sikulisikia na sikuwepo.

Mama ametoka. Sasa ni mimi Edinah.

Nilimwahidi Linet nisiseme. Leo naivunja ahadi hiyo, na akinichukia atakuwa na haki. Jasper, binti yako hana sidiria. Huo ndio ugonjwa wa mguu. Hizo ndizo raba zilizo chooni. Hana, hawezi kukuomba, na wewe usingeweza kununua. Ningekuwa na akili ningemnunulia Disemba alipokuwa hapa mbele ya macho yangu, lakini nilikuwa na kazi ya kukaanga chapati ili anipende kuliko anavyokupenda wewe.

Na hayo makofi! Hao vijana wako wanautaja mwili wa mtoto, wanauimba, wanaupigia makofi, na huyo Anyona mtoto wa mzee wa kanisa ndiye mwimbishaji. Kila asubuhi, saa ileile, unawapelekea. Amejaribu kuugua, hukumwamini. Amejaribu kutupa raba, ukamchapa na kumpeleka pekupeku. Na nyuma yake unakuja wewe na kelele zako, unawapungia mkono, unawaambia asanteni.

Usiniamini mimi. Zima pikipiki usikie mwenyewe.

Edinah


Manga
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada,

Nilizima.

Sikukuamini. Nilisema Edinah ametunga, na Mama amezeeka. Jumatano nikamwacha Linet atangulie kama kawaida. Juu ya mteremko nikazima injini, nikaiacha iteremke yenyewe nimeshika breki kidogo kidogo. Nilisikia. Siandiki nilichosikia. Nimefundisha watoto wa watu wale. Mmoja wao nilimfundisha kusoma, na aliyokuwa akiyasema alikuwa anayasema kwa mtoto wangu. Nikasikia na langu. Mimi wananiita mchungaji. Eti mchungaji analeta ndama wake.

Anyona alipogeuka akaniona nimefika bila sauti, mikono yake ilikuwa bado hewani. Nilivua helmeti nikampiga nayo. Nikampiga tena. Kina mama waliokuwa wakienda kuchuma majani chai ndio walionishika, la sivyo leo ungekuwa unaniandikia gerezani. Chifu ameniita Jumanne. Mzee wa kanisa amenipita jana mlangoni pa kanisa bila kunipa mkono. Wacha anipite! Nilimwambia mbele ya watu, "Mkono wa mtoto wako mimi nimeupungia wangu mwezi mzima, sasa tumelipana."

Lakini Edinah, nilipomwacha yule kijana nikageuka, Linet alikuwa amesimama kando ya barabara, pekupeku, anatazama. Nilifikiri nitaona ameshukuru. Hakuwa ameshukuru. Alinitazama vile walivyonitazama wale kina mama.

Nimekomesha mbio. Zote. Hata zile za Ijumaa nilimwandikia mwalimu kwamba mtoto ni mgonjwa. Sasa shule ikiisha anakuja nyumbani moja kwa moja na geti linafungwa. Presha tutaikabili kwa njia nyingine, kwa mboga, kwa maombi, sijui. Tunakula pamoja hatusemi. Nataka kumwambia samahani na neno lenyewe linapita palepale pasiposemeka. Nitaanzaje? Nikisema nisamehe, nitakuwa nimesema najua.

Mrudishe Mama. Nakuomba, siamuru.

Na usidhani mimi na wewe tumemaliza. Wewe ulijua tangu mwanzo wa mwezi. Ulijua! Ukaniandikia mafumbo, zima pikipiki, badilisha njia, huku unajua nawapungia mkono. Mtoto alikuomba unyamaze, sawa, yeye ni mtoto. Wewe je? Kama kuna aliyepaswa kupigwa helmeti ya pili ni wewe, na ya tatu ningejipiga mimi.

Jasper


Manga
Jumapili, 2 Machi 2025

Shangazi,

Kifurushi nilikipata. Zote zinanitosha isipokuwa ile nyeupe. Asante. Hiyo asante ni ya kifurushi peke yake. Kwa kumwambia baba bado sijakusamehe. Nilikuomba usimwambie. Ningekuwa nataka ajue kupitia kwako ningesema hivyo.

Nyanya amefika. Alikuja na Nyakundi kwenye pikapu ya ndizi, akasema hakuaga kwa sababu angeaga ungemfungia mlango. Nasikia ulilia. Pole. Alifika akanizungusha, akanitazama kwa jicho lake jipya, akasema mke mwenza huyu ataniharibia ndoa. Nilicheka. Halafu nikalia, na yeye akaniacha nilie bila kuniuliza kitu. Anakusalimu.

Jana alinituma dukani, nikapita steji. Wote walinyamaza. Anyona ana bandeji hapa kwenye nyusi. Walitazama chini mpaka nikapita, na mwenye duka akaniambia, sasa umepata heshima, baba yako ni mwanaume. Shangazi, nilikasirika kuliko siku zote. Wamenyamaza kwa sababu ya helmeti ya baba! Hakuna hata mmoja aliyenyamaza kwa sababu yangu. Asubuhi zile nilipokuwa napita nikilia waliona machozi yangu na hawakunyamaza.

Na sikukuambia habari ya Ijumaa ya mbio. Kifurushi chako kilifika Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimevaa kila kitu chini ya sare. Nilitaka kukimbia, Shangazi. Zile mbio nilikuwa nazitaka! Pale hakuna steji, ni uwanja wetu na wasichana wenzangu. Mwalimu akaniambia baba yako amesema wewe ni mgonjwa, kaa darasani. Nikakaa nikaangalia dirishani aliyeshinda. Msichana huyo mimi namshinda kila siku. Baba alinilazimisha kukimbia na hakuniuliza. Sasa amenikataza kukimbia na hakuniuliza. Ni kitu kilekile, ni vile tu ameigeuza pikipiki ikaangalia upande mwingine.

Nyanya anasema nisihofu, njia imerudi: neno langu nimpe yeye, yeye atakupa wewe, wewe utampa baba. Nimekataa. Nampenda Nyanya, lakini neno likizunguka hivyo likifika linakuwa ni lenu. Kwa hivyo barua hii sikumpa Nyakundi. Nimempa baba aipeleke kwa Nyakundi. Na sikuifunga.

Baba, najua umeifungua. Hatuangaliani hapa, kwa hivyo soma.

Presha ya mama naijua. Naiogopa kuliko wewe, kwa sababu hiyo damu iko ndani yangu. Siku ya mazishi nilisikia shangazi zake mama wakinionyesha kwa kidole, wakisema na huyu. Mazoezi nitafanya. Lakini usinilazimishe tena, na usinifungie tena. Na usimpige mtu tena halafu usubiri nikushukuru. Wewe ulinichapa kabla hujampiga Anyona.

Niulize. Simama mlangoni, kama unaona haya angalia kule kwa ndizi, lakini uliza kwa mdomo wako, "Linet, kesho unataka kukimbia?" Hakuna aibu yoyote katika maneno hayo.

Ukiniuliza leo nitasema hapana, kwa sababu bado nimekukasirikia.

Uliza tena kesho.

Linet Bochaberi